Mume Wangu Kupigwa Gazetini Bila Kuwepo

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kitini, na meno yako yote yapo. Sisi huku hatujambo kiasi, isipokuwa mume wangu, ambaye gazeti lako lilimwangusha Jumamosi.

Mimi nashona vitambaa vya makochi. Mume wangu ni fundi makochi, lakini wasomaji wako wa zamani wanamfahamu kama Tingatinga, bingwa wa ngumi za uzito wa juu enzi zile televisheni zina milango. Katika safu yenu ya kupambanisha mabingwa wa enzi tofauti, mchambuzi wako amemkutanisha na bingwa wa sasa, kijana ambaye hakuwa amezaliwa mume wangu alipostaafu, kisha akaandika kwamba Tingatinga alilala raundi ya nne. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Hatukuarifiwa. Saa pambano linachapwa, mume wangu alikuwa karakana anapaka gundi sponji ya mkono wa kochi, na mimi nilikuwa pembeni nakata kitambaa. Hakupimwa uzito wala afya. Hakupewa hata nafasi ya kuvua aproni. Bondia gani duniani anapata habari za kuangushwa kwake kutoka kwa muuza magazeti?

2. Tumepewa pole nyingi kuliko tunazoweza kupokea. Jirani yetu muuguzi alikuja na barafu. Wifi yangu alipiga simu analia, akauliza, “Kaka ameshaamka?” Nikamjibu yuko nje anapiga misumari. Akasema, “Msimwache afanye kazi, wifi, hao wakipigwa kichwa huwa hawajijui.” Mteja mmoja akaja kuchukua kochi lake likiwa bado mifupa mitupu, eti atampelekea fundi ambaye hajapata mtikisiko wa ubongo.

3. Pambano halikuwa la haki. Mchambuzi wako anadai amewachukua wote wawili “katika ubora wao”. Sawa. Bingwa wa sasa amemjia na daktari, mpishi, na mtaalamu wa kumfundisha kulala. Mume wangu alikuwa na mimi. Mimi ndiye niliyemkanda, niliyempikia, niliyemwambia alale, na niliyekaa kona yake na taulo. Kwenye uchambuzi sikuona hata herufi moja inayonihusu. Tingatinga aliyepigana Jumamosi, basi, alikuwa nusu. Kama mnataka kupima enzi, mpelekeni huyo kijana kwenye enzi yetu: afanye mazoezi kwenye ghala la simenti, avae glavu ambazo mwenzake ametoka kuzivua sasa hivi, zimelowa mpaka ndani, halafu ndiyo tuone hiyo raundi ya nne.

4. Mume wangu alipochukua ubingwa kwelikweli, kwa mikono yake mwenyewe, gazeti hilihili lilimwandika mistari miwili chini ya tangazo la rangi za nyumba, na mkamwita Tangatanga. Alipolazwa baada ya pambano lake la mwisho, sikumwona mwandishi wala kiongozi wa ngumi hata wa kuchungulia mlangoni. Leo mmempa ukurasa mzima na mchoro wa rangi, kwa sababu mlihitaji mtu mkubwa wa kuangusha. Hili, ndugu yangu, silisemi kwa utani.

5. Mazoezi yameanza upya nyumbani kwangu. Kamba ya kuanikia nguo sasa ni ya kuruka, na nguo zinakauka juu ya viti. Kochi la mwalimu mkuu wa shule ya jirani limepigwa ngumi mpaka springi imetokeza kuangalia kuna nini. Nilimwambia, “Baba watoto, hilo ni gazeti tu.” Akasimama pale ukumbini, jasho linamtoka, akanijibu taratibu, “Watu wameniona nikianguka.” Nikachukua kalamu nikuandikie, Mhariri. Kama wewe unalo la kumwambia, njoo umwambie.

Kwa hiyo naomba haya: matokeo ya Jumamosi yafutwe, pambano lirudiwe kwenye ukurasa uleule na mchoro uleule, mimi nikiwa kona, na mume wangu ashinde, lakini kwa pointi, kwa sababu hata yeye hataamini nokauti. Mkikataa, nitaanzisha safu yangu kwenye ukuta wa karakana. Pambano la kwanza litakuwa kati ya mchambuzi wako na marehemu mama mkwe wangu, wote katika ubora wao. Namwonea huruma mapema. Yule mama aliwahi kumtimua mganga mkuu wa hospitali kwa kijiko.

Nisalimie wapiga chapa, mhudumu anayewaletea chai, na mke wa mchambuzi, ambaye naamini ana yake ya kulalamikia. Msalimie pia mama mzazi wa bingwa wa sasa. Mwanawe hana kosa. Naye alipigana bila kuulizwa.

Ni mimi niliyeshika taulo,
Mke wa Tingatinga

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha walipoingia wanaume wawili wa chama cha ngumi, wamevaa tai. Wanasema kwa ajili ya safu yenu watu wamechachamaa, basi wanataka Tingatinga apande ulingoni na yule kijana, ana kwa ana, “raundi chache tu za maonyesho, mama, hataumia.” Mume wangu alikubali kabla hawajapata pa kukaa. Daktari alishaniambia siku nyingi kwamba kichwa hiki kimemaliza ngumi zake zote. Kwa hiyo, Mhariri, futa yote niliyoandika hapo juu. Tafadhali Jumamosi hii mpigeni tena. Mpigeni raundi ya kwanza, na yeyote mtakayempata, hata refa. Andikeni kwamba magoti yake ni mbao na kidevu chake ni kioo, na wekeni kwamba mkewe mwenyewe amethibitisha. Chama kikisoma hayo kitaona aibu kumwita. Atanuna, najua, na kochi la mwalimu mkuu litakoma. Lakini gazetini kwenu akianguka, anainuka anakuja kula.