Maboksi Sita ya Tupa

Kwa Mhariri wa Kamusi

Ndugu Mhariri,

YAH: MANENO YENU YALIYONIJAZIA CHUMBA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Natumai barua hii inakukuta mzima, umeketi mahali penye nafasi ya kuweka viwiko. Mimi naiandikia juu ya mashine ya kufulia isiyofua, kwa sababu meza zote za nyumbani kwetu zina kazi ya kubeba meza nyingine.

Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu ni kupanga majalada, na kila mwaka kuyachambua yaliyopitwa na wakati yapelekwe kuchomwa. Naijua kazi hiyo, na sijawahi kudondosha chozi kwa ajili ya jalada. Niliolewa katika nyumba ya wakwe zangu na humo tunaishi watu wanne: baba mkwe, ambaye ni fundi mstaafu wa karakana, mama mkwe, ambaye hajastaafu chochote, mume wangu, na mimi. Wa tano yuko njiani. Mimba yangu imeingia mwezi wa nane, na kikao cha familia kiliamua kwa sauti moja kwamba chumba cha nyuma kiwe cha mtoto. Wote walinyosha mkono, na mama mkwe alinyosha yote miwili. Tangu siku hiyo chumba hakijapungua hata ufagio. Kimejaa mpaka dirishani, mlango wake unafunguka nusu, na kwa tumbo hili mimi siingii tena. Nasimama kizingitini nikiamrisha vitu visivyonisikia.

Hata hivyo nawalalamikia ninyi, si wao. Nimechunguza kwa makini nikaona wakwe zangu hawana kosa lolote. Wao wanafuata tu Kiswahili mlichowawekea. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno "tupa".

Nilileta maboksi matupu kutoka kazini, nikayajaza kwa msaada wa kijana wa jirani, kisha nikayaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, Kiswahili sanifu. Mengine niliyaandika BAKI, mengine GAWA, na sita niliyaandika TUPA. Nikaenda zangu kliniki. Niliporudi nikakuta yale sita hayapo. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa kunipa wakwe waelewa.

Kumbe baba mkwe amemaliza ujana wake wote karakana, na kwake yeye tupa ni kile chuma chenye meno cha kunolea na kulainishia. Ziko bapa, ziko duara, ziko za pembetatu, na zote anaziheshimu. Alipoona maboksi sita yameandikwa TUPA alisema hatimaye nyumba hii imepata mkamwana anayejua thamani ya vifaa. Akayabeba mwenyewe, na mgongo wake ule, mpaka chumbani kwake, akayapanga chini ya kitanda juu ya vipande vya mbao yasije yakapata unyevu. Alipofungua moja akakuta vifuniko vya sufuria ambazo hatunazo tena, hakushtuka. Alisema tupa ziko chini zaidi. Mpaka leo hajafika chini, wala sioni kama ana haraka. Wastaafu wenzake wawili wamesikia sifa zetu, nao wameleta tupa zao, hizo za kweli, zilizokwisha meno, tuwahifadhie.

GAWA nalo halikusalimika. Nilikusudia vitu vile wapewe wahitaji. Mama mkwe akagawa, tena kwa haki ambayo hata mahakamani ni nadra kuiona: mafungu yaliyo sawa, moja kwa kila mkazi wa nyumba. Langu mimi lina vikombe visivyo na mikono na pazia lililoungua katikati. Alitenga na fungu la mtoto. Mtoto wangu hajavuta pumzi ya kwanza na tayari anamiliki birika lililotoboka.

Maboksi ya BAKI yalibaki. Hapo sina la kusema.

Naomba basi kile chuma kipewe jina jingine lolote, na mafundi wote wajulishwe kwa maandishi. Kama hilo ni zito, basi kitenzi chenyewe kibadilishwe, maana kwa hali ilivyo hakimtishi mtu.

2. Methali.

Nyumbani kwetu mwenye methali ameshinda, na mwenye hoja anaonekana hana adabu. Nikisema lile godoro litolewe, naambiwa akiba haiozi. Ndugu Mhariri, nimelitoa godoro hilo juani mbele ya mashahidi. Limeoza. Limeota uyoga. Mama mkwe aliuinamia ule uyoga, akautazama kwa muda, akauliza kama ni wa kuliwa.

Nikisema ule mkeka uondoke, naambiwa usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka yote nilidhani mbacha ni fumbo la wahenga. Tunao ndani. Ni mkeka uliobaki kingo peke yake. Ukiukalia, unakaa sakafuni huku umezungushiwa mkeka. Siku moja nilijaribu kuwapiga kwa silaha yao wenyewe, nikasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Baba mkwe alitikisa kichwa kwa huzuni akanijibu kwamba ndiyo sababu jongoo asitupwe, kwani mti mzuri utapotea bure.

Naomba kila methali ichapishwe pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi, kama dawa. Na chini ya hiyo ya akiba muweke picha ya godoro letu. Nitaituma kwa gharama zangu.

3. Kiambishi -ta-.

Litazame neno "itafaa". Nyumbani kwetu linasemwa kuliko salamu. Funguo za makufuli yaliyopotea zitafaa. Rimoti ya televisheni iliyouzwa itafaa. Mlango wa friji, peke yake, bila friji, utafaa. Kuna gongo moja la kutembelea, aliliacha jirani aliyehama, nalo litafaa. Kila nikiliona najiuliza ni mguu wa nani unaosubiriwa uvunjike.

Itafaa lini? Kiambishi hakisemi. Mmewapa watu wakati ujao usio na mwisho wala mdhamini, nao wamehamia humo na mizigo yao yote. Napendekeza -ta- iwe na uhai wa mwaka mmoja. Ukipita, "itafaa" igeuke yenyewe kuwa "haikufaa", pasipo kuitisha kikao, na mwenye kitu aarifiwe.

4. Neno "tu".

Mume wangu ni mtu mwema na namheshimu, lakini ana ugonjwa wa "tu". Kwake yeye hakuna kitu kibovu duniani. Feni inataka waya tu. Pasi inataka kitako tu. Baiskeli inataka magurudumu tu, na mnyororo tu, na kiti tu. Redio ya mjomba wake haijafa, imelala tu, na imelala tangu kabla hatujajuana. Nilipomuuliza atavitengeneza lini, alinijibu kwa upole kwamba anatafuta nafasi tu. Nafasi ndiyo ninayoitafuta na mimi, Ndugu Mhariri, na yeye ameirundikia baiskeli.

Liondoeni neno hili. Mume wangu akilikosa, atalazimika kukaa kimya mbele ya ile feni, na huenda katika ukimya huo akaiona ilivyo.

5. "Mtoto wa meza".



Kwa kuwa chumba kimeshindikana, mama mkwe amenitafutia suluhisho. Amesema mtoto alale katika mtoto wa meza, yaani ile droo ya chini ya meza kubwa, ambayo kweli ni ndefu, pana na imara. Amesema hata jina lenyewe linakubali. Alisema kwa mapenzi kabisa, akanipapasa begani. Nikaenda kuivuta nione. Imejaa! Ina maganda ya viberiti, vipande vya sabuni vilivyoshikana vikawa jiwe, na vishikio vya droo nyingine ambayo hatujawahi kuwa nayo. Nikaomba basi angalau hivyo vitolewe. Nikajibiwa kwamba mtoto mwenyewe mdogo, watabanana.

Ndugu Mhariri, mtoto wa meza ana pa kukaa na mtoto wangu hana. Siku zangu zinakaribia, na sijui nitamlaza wapi nikitoka hospitali. Nimekasirika, tena sana, na si kwa sababu ya mimba kama wanavyonong'onezana jikoni wakidhani sisikii. Nani aliwaruhusu kuiita droo mtoto? Mlikuwa na mbao, mlikuwa na misumari, mlikuwa na maneno yote ya seremala. Lirekebisheni hili kabla ya mengine yote, maana hayo mengine yanaweza kusubiri na hili haliwezi.

6. Ngeli ya KI-VI.

Nimefika kwenye mzizi wenyewe. Ni ninyi mliokubali kitu kiwe vitu, chombo kiwe vyombo na kifuniko kiwe vifuniko, bila kuweka kikomo. Mama mkwe akipewa kopo anaiona mbele yake njia nyeupe kabisa ya kuelekea makopo, na sarufi inamsindikiza.

Naomba wingi wa ngeli hii ufutwe. Kila nyumba iwe na kitu. Anayetaka cha pili akose namna ya kukitaja. Kikombe kitazunguka, kiti tutapokezana, na wageni watasimama. Huenda wakaondoka mapema, nao huwa hawaji mikono mitupu. Wingi uachwe kwa "vyumba" peke yake. Najua makopo yamo katika ngeli nyingine, nayo nitayaandikia barua yake.

7. Kamusi yenyewe.

Mwisho, nawageukia ninyi. Niliiazima kamusi yenu ofisini ili nipate ushahidi, na nimeibeba kwa mikono miwili, mjamzito mimi. Nimeisoma nikagundua kwamba ninyi na wakwe zangu ni walewale. Mna maneno humo ambayo hakuna mtu aliye hai anayeyatamka, yamejilalia kwenye mistari yao, na pembeni mmeyaandikia "la kale" mkaona mmemaliza kazi. Mna maneno manne ya jambo moja. Kila toleo mnaongeza na hakuna toleo mnalopunguza, na mkiulizwa sababu najua mtakuwa na methali tayari. Ndiyo maana nyumba yetu iko vile. Samaki huanza kuoza kichwani.

Sisi masijala hatufanyi upuuzi huo. Neno lisilotumika mwaka mzima lichomwe, na asiitwe mtu kulililia. Kama mnaona aibu kulifanya wenyewe, niko tayari kuja na tumbo langu na maboksi yangu. Safari hii nitaandika CHOMA, na kama kuna fundi kwenu anayelielewa vingine, aseme mapema.

Nisikuchoshe zaidi. Nakutakia kazi njema na rafu nyepesi. Wasalimie wasaidizi wako wote, mpiga chapa, mfagizi wa ofisi ambaye natumai huwa anaruhusiwa kutoa kitu nje, na yule bwana aliyeingiza "tupa" mara mbili. Mwambie sina kinyongo naye, ila asipite mtaa wetu. Wakwe zangu nao wanakusalimu sana. Baba mkwe anasema ukihitaji tupa usione haya kuuliza. Mama mkwe anauliza matoleo ya zamani ya kamusi huwa mnayapeleka wapi.

Wako katika kupunguza,

Karani wa Masijala,
mkamwana wa nyumba iliyojaa.

Tanbihi: Sijafunga bahasha bado. Nilipokuwa na kamusi mkononi nilitafuta neno moja na sikuliona. Marehemu mama yangu alipokuwa akinilaza alikuwa akiniita kibembesi. "Lala, kibembesi changu." Nimeipitia herufi K mbele na nyuma, nikaenda na kwenye B, halipo. Maana yake siijui. Mtoto hamuulizi mama maana ya neno analopendwa nalo, na nilipokua nilidhani bado tuna muda mrefu pamoja. Vitu vyake nilivigawa vyote wiki ile ile aliyofariki, wala sivitamani. Neno hili nalitaka. Hakuna mwingine aliyebaki anayelijua, na mtoto wangu yuko karibu kufika nami sijui kingine cha kumwita. Naomba mtafute vizuri, hata kwenye matoleo ya zamani, hata kwenye makaratasi mliyoyaweka kando. Kama mliliondoa, lirudisheni. Kama halikuwamo kamwe, liingizeni, hata bila maana, hata kama hakuna atakayelitumia ila mimi. Lichomekeni popote, nafasi haikosekani.