Tenga la Gelasius

Jumatano, 30 Juni 1976
Nimempata! Miaka sita nililipwa mshahara Dar es Salaam kwa kuendesha baiskeli tu, kwa hiyo miguu naijua. Huyu anaitwa Gelasius. Analeta dagaa mjini kutoka Karema, tenga zima kwenye keria, milima yote hashuki. Meneja ambaye timu yake itashinda mbio za baiskeli za Saba Saba ndiye atakayeipeleka timu ya wilaya Sumbawanga. Meneja huyo ni mimi. Si Ponsian wa mtaa wa Makanyagio, fundi wa pancha, ambaye enzi zetu za mashindano alizoea kuuona mgongo wangu. Gelasius ameingia kambini uani kwangu. Nimemkataza kubeba dagaa mpaka siku yenyewe, apate nguvu.

Alhamisi, 1 Julai
Nimefungua keria, madigadi, kengele. Baiskeli nyepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja. Gelasius amepanda, ameyumba kulia, ameyumba kushoto, ameingia kwenye uzio wa Mama Bernadetha. Mara tatu. Uzio uleule! Anasema hajawahi kuendesha baiskeli tupu. Kuja hubeba dagaa, kurudi hubeba unga. Mtu mzima! Ponsian alikuwa anapita. Alisimama akatazama mpaka mwisho.

Jumamosi, 3 Julai
Nimerudisha keria, na gunia la mchanga juu yake. Maajabu! Gelasius amenyooka, amekwenda Kasekese na kurudi, wenzake hawajamwona tena. Nimerudi ndani kwa furaha, nimekuta mchicha. Siku ya tatu mchicha! Verdiana, mke wangu, anasema sokoni dagaa hakuna, wanawake wote wanalalamika. Nimemwambia mke wa meneja asihangaike na dagaa wakati mumewe anahangaika na ushindi. Amegonga sufuria.

Jumatatu, 5 Julai
Ponsian amenishitaki kwenye kamati ya mashindano. Kesi ya mchanga! Mwenyekiti, mzee Josephat, ameamua kwamba mchanga ni ujanja, lakini mtu akija na mzigo wa kazi yake hana kosa, kwani Saba Saba ni ya wakulima na wafanyakazi. Basi, nikasema, tenga la dagaa. Ponsian akaunga mkono haraka, tena akatabasamu. Sikujali. Nimeagiza tenga moja la dagaa lije kwa lori.

Jumatano, 7 Julai
Sitaki kuandika. Naandika.
Kutoka Kasekese Gelasius aliongoza peke yake. Anaingia Makanyagio, wa pili haonekani hata vumbi. Mimi nimesimama kwenye utepe, nimeshapanga la kusema Sumbawanga. Zimebaki hatua mia mbili, wanawake wakatoka na mabakuli. Wiki nzima hawajaona dagaa! Gelasius akafunga breki. Akateremka. Akaanza kupima! Nikakimbia nikimpigia kelele apite. Akaniangalia kwa upole.

"Meneja, mama amenyoosha bakuli. Nampitaje? Tena ni wa nyumbani kwako."

Nikatazama. Verdiana! Wa kwanza kwenye foleni.

"Baba Theopista, ngoja kwanza anipimie," akasema.

Akapimiwa. Wakapimiwa wote. Vijana wa Ponsian wakapita mmoja mmoja, na wa kwanza akakata utepe. Gelasius akawa wa tisa, na hata hapo alifika kwa kuanguka, maana tenga lilikuwa tupu na baiskeli ikamshinda.

Jumamosi, 10 Julai
Ponsian ndiye meneja wa wilaya. Inaniuma. Siku tatu sijatoka nje. Nimekula dagaa siku zote tatu, watamu, na hilo pia linaniuma.

Lakini nimekaa, nimefikiri, nimeliona kosa. Kosa ni harufu. Dagaa wananuka, wanawake wamewasikia toka mbali! Mwezi ujao kuna mashindano mengine, ya kumpata meneja msaidizi. Msaidizi wa Ponsian! Haidhuru, nitaanzia hapo. Leo nimempata Alois, anayeleta mchele kutoka Kasansa. Gunia zima kwenye keria, na hayumbi. Mchele haunuki, nani atamsimamisha? Ataingia kambini Jumatatu. Nimeshamkataza kuleta mchele mjini mpaka siku ya mashindano.