Kiko cha Mkuu wa Masijala

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekiona! Ukurasa wa kumi na nne wa orodha ya duka la viko, chini upande wa kulia. Kiko cha mzizi wa mti mgumu, rangi ya chai iliyokolea, pete ya fedha shingoni, kimelala kwenye kisanduku chenye mahameli ya kijani. Nimeufunga ukurasa. Nimeufungua tena. Hivyo hivyo hadi saa nne.

Sivuti tumbaku. Hata moshi wa jirani hunikohoza. Lakini hilo si hoja. Mkuu wetu wa Masijala anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo, na kiti chake kitabaki wazi. Kiti chenye mikono, chenye mto, kinachozunguka. Mimi ni msaidizi wake mwaka wa kumi na moja sasa, juu ya kiti chenye mguu mmoja mfupi niliouwekea faili kuukuu chini. Mgongo unauma kila siku ya Mungu. Nimechoka jamani. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta kiuno.

Nimewachunguza wakubwa. Mtu mwenye kiko hasukumwi. Akiulizwa jambo, hukitoa mdomoni, hukitazama, na watu wote husubiri. Mimi nikiulizwa hujibu papo hapo, ndiyo maana nimebaki msaidizi.

Jioni nimejaribu mbele ya kioo kwa mwiko. Mama watoto amepita, akauliza mwiko wake unatafuta nini mdomoni mwangu. Nikasema naonja. Akasema hajapika.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Usiku mbaya. Godoro letu lina shimo katikati. Ukilala tu, unateremkia huko kama kiazi kwenye sufuria. Tumeweka akiba ya godoro jipya tangu mwaka jana. Nimewaza sana kuhusu akiba hiyo. Nimeamua godoro linaweza kusubiri, kwa kuwa mshahara wa Mkuu utanunua magodoro mawili.

Shida ni anwani. Nyumbani haiwezekani, mama watoto hufungua kila kitu, hata bahasha za hospitali zenye jina langu. Ofisini napo pana waraka: ni marufuku vifurushi vya binafsi, na kitakachofika kwa jina la mtumishi kitarudishwa kilikotoka. Waraka huo niliuandika mimi mwenyewe mwaka jana, ili tu viatu vya Bwana Mihuri virudishwe. Vilirudishwa kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

(Bwana Mihuri ni karani wa mapokezi. Tunamwita hivyo kwa sababu hugonga muhuri kila kinachopita mbele yake. Aliwahi kuugonga mkate wangu. Naye anakitaka kiti kile, japo hujifanya hana habari.)

Kisha akili ikanifunguka nikiwa kwenye foleni ya posta. Waraka unakataza majina ya watu, haukatazi vyeo! Duka linasema kifurushi huchukua wiki tatu. Baada ya wiki tatu Mkuu wa Masijala ni nani? Ni mimi! Kwa hiyo nimeandika hivyo hivyo: Kwa Mkuu wa Masijala. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Fomu iliuliza maneno ya kuchongwa kwenye pete. Nilifikiri muda mrefu, watu wa nyuma yangu wakaanza kusonya. Nikaandika: KWA MKUU, KWA SUBIRA YAKE. Nilikaribia kulia pale pale dirishani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wiki nzima nimekuwa mtu wa furaha, kadiri mgongo unavyoruhusu. Najizoeza kukaa kimya kabla ya kujibu. Mkurugenzi ameniuliza faili la mipaka liko wapi. Nikatazama dari. Nikaanza kuhesabu hadi saba. Alipoondoka kwenda kulitafuta mwenyewe nilikuwa nimefika sita.

Mama watoto ameuliza habari ya godoro. Nimemwambia dukani yamekwisha. Ameitikia tu. Siku hizi haniulizi mara mbili, na hilo hunichosha kuliko akiuliza.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Balaa! Posta iliyochukua miezi miwili kuleta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu imeleta kiko kwa siku sita!

Nilikitambua kifurushi tangu mlangoni. Lakini meza ya kwanza ni ya Bwana Mihuri, na utaratibu ni utaratibu: kila kilichoandikwa cheo hufunguliwa, hugongwa muhuri, hupewa namba, huingizwa kwenye kitabu, hupelekwa kwenye trei ya mwenye cheo. Akafungua. Akakiinua kisanduku. Akaugonga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya mahameli ya kijani. Puu! Nilihisi umenigonga mimi ubavuni. Kikapata namba mia nne na kumi na mbili. Kikafunguliwa faili lake.

Nami nimesimama pale na kikombe cha chai. Nikidai ni changu, nimevunja waraka wangu mwenyewe. Tena nitaeleza vipi ile anwani? Kwamba nimejiita Mkuu huku Mkuu mwenyewe amekaa chumba cha pili, yu hai, anakunywa maji?

Mkuu, Mzee wetu, alisoma maneno ya kwenye pete. Akavaa miwani akayasoma tena. Akasema miaka thelathini na moja mahali hapa hakuna aliyewahi kumletea chochote isipokuwa malalamiko. Akatoa leso. Akauliza ni nani kati yetu.

Bwana Mihuri akatazama sakafu na kutabasamu kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akitoa sadaka. Nyoka yule!

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sikulala. Safari hii si godoro.

Nina mpango. Nimeandika barua inayotoka kwa muuza viko: anaomba radhi sana, kiko kilipelekwa kimakosa, tafadhali arudishiwe haraka kupitia mjumbe atakayefika Alhamisi. Mjumbe ni mimi, kwa njia ya kuzunguka: nitajitolea kumpelekea kiko getini. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Kesho alfajiri naichanganya na barua za posta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeshainama mpaka kiuno kimegoma kunyooka.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Barua ilifika salama. Nilitazama safari yake yote. Bwana Mihuri akaigonga, namba mia nne na thelathini, ikaingia faili la kiko, ikaenda kwa Mzee. Nusu saa baadaye faili likatoka na dokezo la wino mwekundu: “Kosa gani hili linaloijua subira yangu? Asirudishiwe. Msaidizi, andaa majibu. Kwa ukali kiasi.”

Msaidizi ni mimi.

Kwa hiyo asubuhi nzima nimekaa kwenye kiti kibovu nikijiandikia barua ya kujikatalia kiko changu. Rasimu ya kwanza Mzee aliirudisha, akasema ni ya upole mno, niwe mkali kama nilivyokuwa kwenye ule waraka wa vifurushi. Rasimu ya pili nimejiita mtu asiye na haya. Ameipenda. Ameniambia, “Kijana, una kalamu.” Nina miaka arobaini na tisa.

Bwana Mihuri ameigonga IMETUMWA na kuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nimesema vumbi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimepita chumbani kwa Mzee na faili lisilo na kazi, ili tu nikione. Hakiwashi, maana moto ni marufuku masijala kwa ajili ya karatasi. Anakinyonya kitupu. Nilimwuliza jambo la makabati. Akakitoa mdomoni. Akakitazama. Nami nikasubiri! Nilisimama kama mshumaa mpaka alipomaliza. Kiko kinafanya kazi kabisa. Nilijua tangu ukurasa wa kumi na nne.

Nilidhani nitaona wivu, na nimeona wivu. Lakini pia ameanza kunyoa ndevu kila siku, na leo ameimba kwenye ngazi. Sijui niliweke wapi jambo hilo.

Jioni amenipa heshima ya kusoma hotuba ya kumuaga kesho. Akaomba nisisahau kukitaja kiko.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Imekwisha. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa maana mgongo hautaki namna nyingine.

Sherehe ilikuwa chumba cha mikutano. Keki, soda, viti vya kuazima. Nilisoma hotuba. Nilikitaja kiko, nikakisifu mzizi wake, pete yake, maneno yake. Watu walipiga makofi. Sijawahi kusikia kitu changu kikipigiwa makofi mkononi mwa mtu mwingine. Ni uchovu usio na jina.

Kabla Mkurugenzi hajatangaza, Mzee akanivuta pembeni dirishani. Akasema hataki nibaki na kinyongo. Barua ya kumpendekeza mrithi wake aliiandika tangu mwezi wa pili, na jina ndani yake lilikuwa langu. Langu! Akasema aliibadilisha Jumanne, siku moja baada ya kiko. Si kwamba mimi sifai. Ila mtu aliyekaa kimya, akaiona subira ya mwenzake mzee, akamkumbuka bila kutaka sifa, mtu huyo ndiye wa kuachiwa watu. Akageuza macho kwa Bwana Mihuri, ambaye alikuwa anakata keki kwa unyenyekevu mkubwa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kipande cha keki ndani. Nikakimeza. Ningesema yote, naapa ningesema, anwani na pete na mkono wa kushoto. Lakini Mzee alikuwa amekishika kiko kwa mikono yote miwili na machozi yamemlengalenga. Akaniuliza, “Unadhani nitakivuta, kijana? Nitakiweka mezani wajukuu wakione.”

Nikamwambia ni kiko kizuri sana, Mzee. Hilo tu.

Mkurugenzi akatangaza. Bwana Mihuri akashtuka vizuri kabisa, mkono kifuani. Wakamkalisha papo hapo kwenye kiti chenye mikono. Akakizungusha mara moja.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mama watoto amekuta stakabadhi kwenye mfuko wa koti. Ameisoma yote, mpaka maneno ya pete. Nikamweleza. Hakuna njia nyingine, alikuwa amekaa mlangoni.

Nilitegemea kelele. Akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akakaa kando yangu kitandani, tukateremkia shimoni wote wawili. Akasema ningetoa anwani ya nyumbani, angefungua, angenikaripia siku mbili, kisha ningekuwa na kiko. Na barua ya Mzee isingebadilika, leo ningekuwa Mkuu. Nimekosa kiko, kiti na godoro kwa mkupuo mmoja. Akanisihi nimwahidi jambo moja tu: kitu changu nikiandikie jina langu, basi. Nisiandike cheo ambacho sijakikalia.

Maneno ya hekima. Yameniingia hasa. Nimeyaandika hapa ili yasinipotee. Nimeahidi kwa kiapo. Akanikanda mgongo, kitu ambacho hajafanya tangu zamani, na nikaona haya kweli kweli.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Siku ya mapumziko. Mama watoto amekwenda kwa dada yake kuazima godoro la wageni. Nimebaki peke yangu na mawazo yangu, na orodha ya duka, ambayo niliichukua kwa nia ya kuitupa.

Ukurasa wa ishirini na mbili. Fimbo ya kutembelea! Mti mweusi, kichwa cha fedha. Si anasa hata kidogo, ni dawa ya mgongo. Mtu mwenye fimbo hupishwa kwenye ngazi. Pia wanachonga maneno bure.

Nimekaa nikachunguza kosa langu kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa langu lilikuwa moja. Nililenga karibu mno. Mkuu wa Masijala siwezi kuandika tena, kifurushi kitakwenda kwa Mihuri, naye ataitembelea fimbo mbele ya macho yangu. Jina langu nalo haliwezekani, waraka bado upo, na Mihuri ataurukia kwa furaha ya viatu vyake.

Lakini Mkurugenzi anastaafu baada ya miaka miwili, na orodha inasema kwamba fimbo, kwa sababu ya urefu wake, huchelewa sana.

Nimeandika: Kwa Mkurugenzi. Mkono haukutetemeka hata kidogo.