Ombi la Kurudishiwa Kitambaa cha Kijivu Ambacho Sasa Ni Gauni

Kwako Shemeji,
Kaka wa mke wangu,
Nyumbani kwako.

YAH: KITAMBAA CHANGU CHA KAZI, AMBACHO DADA YAKO AMEKIVAA

Shemeji mheshimiwa,

Pokea shikamoo yangu, hata kama safari hii utaipokea umevuta mdomo. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unampa mama mkwe, naye ananiuliza kama nimekula, kisha anakata.

Sikuandikii habari za ndoa. Hayo yana vikao vyake. Nakuandikia habari za kazi. Kama unavyojua, mimi ni mpiga picha wa kutembea: nabeba kamera, taa, stendi mbili na kitambaa cha kutundika nyuma ya mteja, nawafuata watu maofisini, mashuleni na majumbani kwao. Kamera naweza kuazima. Taa ikizimika, dirisha lipo. Lakini kitambaa cha nyuma ndicho kazi yenyewe, na changu kiko kwako, kimetiwa mikono na mfuko. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usije ukasema nimeandika kwa hasira.

1. Kitambaa chenyewe. Wewe ndiye uliyemletea dada yako kile kitambaa cha kijivu ili ashone gauni la mahafali ya binti yako. Nashukuru. Ila wewe ulikinunua kwa jicho la kaka. Mimi nilikitazama kwa jicho la kazi. Nilikifumbata mkononi nikakiachia, hakikushika mkunjo. Nilikimulika, hakikung'aa. Nikamkalisha mbele yake jirani mweusi tii, kisha jirani maji ya kunde, na ngozi zote mbili zikatoka kama zilivyo. Tena kinaingia kwenye begi la mgongoni na nafasi ya chakula cha mchana inabaki! Kitambaa cha namna hiyo kukifanya gauni ni sawa na kumchukua daktari ukamtuma akachote maji. Nikakiazima siku moja ya majaribio. Majaribio yakafana, na kitu kilichofana hakirudishwi kabatini.

2. Suala la mahafali. Dada yako anadai nilimwaibisha. Naomba ukweli uwekwe sawa. Alikuja na lile gauni lake la njano la miaka nenda miaka rudi, hilo sikatai. Nami nilitundika kitambaa cha kijivu nipige picha ya ukoo, hilo pia sikatai. Kwa hiyo alikaa na gauni lake la zamani mbele ya gauni lake jipya lililokuwa bado halijashonwa. Lakini picha, Shemeji, ilitoka vizuri ajabu! Shangazi yenu alikipapasa kitambaa akauliza kimenunuliwa duka gani, na dada yako akamjibu kwa adabu kwamba aniulize mimi. Mtu mwenye akili angezima taa pale pale akakaa chini kufikiri. Mimi nilimwambia ainue kidevu.

3. Jinsi kilivyochukuliwa. Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwenyewe yuko kwenye stuli amefumba macho, kwa maana taa inamuumiza, na tumekubaliana afumbue nikihesabu tatu. Dada yako akaingia. Akatusalimia vizuri wote wawili, akafungua vibanio kimoja kimoja, akakikunja kitambaa pembe kwa pembe, akaaga. Hakufoka. Afadhali angefoka, ningejua pa kuanzia kujitetea. Mwalimu mkuu akafumbua macho kwa wakati, nami kidole kilikuwa kimeshabofya, akatoka pichani na fagio, ndoo na ramani iliyochanika nyuma yake. Kutoka pale dada yako alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, na kutoka kwa fundi akaja kwako.

4. Mbadala nimetafuta, usidhani nimekaa tu. Shuka la kitandani lina mikunjo hata ulipige pasi mpaka pasi iombe msamaha, na lina maua. Muuza dawa wa mtaani alitoka na ua limemwota sikioni. Isitoshe, mtaa mzima umezoea kuliona shuka lile kambani, kwa hiyo watu wanakaa mbele yake wakichekacheka kwa sababu zao. Turubai halikunjamani, lakini linarudisha mwanga kama sufuria mpya na kuupaka uso bluu. Mama mmoja aliitazama picha yake kwa muda, akauliza alifariki lini. Karatasi ndefu ya kuviringisha niliifunga kwenye pikipiki, na mlinzi wa geti la hospitali bado ananitafuta kwa kile ilichoifanyia kofia yake. Nikahamia mahameli nyeusi. Lahaula! Mchungaji mmoja alikuja na suti nyeusi, akatoka kichwa na viganja tu, vimeelea. Waumini wake wamegawanyika: nusu wanasema ni muujiza, nusu wanataka apigwe nyingine.

5. Wateja wameacha kutabasamu. Zamani upepo ukivuma, dada yako ndiye aliyeshika pembe ya kitambaa, na huku ameishika anamwambia mteja kaneno. Sijui kaneno gani. Sikuwahi kusikiliza, nilikuwa napima mwanga. Mteja anacheka, mimi nabofya. Siku hizi nawaagiza watabasamu, wananitolea meno kama wako kwa daktari wa meno. Juzi nilijaribu kumchekesha karani mmoja wa kike. Alinipa pole.

6. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kuna mtu humo ndani mwako alinitumia picha ya simu, dada yako amevaa lile gauni. Nauliza kwa upole: nani aliyepiga picha ile? Amemsimamisha mbele ya friji! Juu ya bega lake kuna waya unaning'inia, na taa iko utosini, inamtia vivuli chini ya macho, anaonekana amechoka. Au amechoka kweli, picha haisemi. Nimeikuza mara nyingi, kwa sababu za kitaalamu tu. Kitambaa kimemkaa. Mabega yamelala sawasawa, na uso wake juu ya ule ukijivu umetulia kama wa mtu ambaye hatimaye amepewa chake. Nimeikuza tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kinachonila mimi, Shemeji, ni nguo yenyewe.

Kwa hayo yote, na nikijua kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, naleta maombi yangu.

Gauni lifumuliwe, nirudishiwe vipande. Ingawa fundi aliyelishona nimemuuliza, akaniambia kitambaa kikishakatwa mikono hakigeuki tena kuwa ukuta, na akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Kama halifumuliki, basi dada yako aje amelivaa, asimame nyuma ya mteja na kutandaza pindo. Nimekadiria: kwa picha ya kitambulisho, kichwa cha mtu mzima kinaenea hapo bila tabu. Vichwa vikubwa nitavikataa.

Kwa kuwa kusimama kutwa kunachosha, atahitaji kiti cha kupumzikia, na kiti anachokipenda kiko sebuleni kwetu. Kwa kuwa kazi ya kuwafuata wateja huanza asubuhi na mapema, na safari ya kutoka kwako ina vumbi litakaloharibu kitambaa, itabidi alale karibu na vifaa. Vifaa nahifadhi chumbani. Na kwa kuwa mtu hawezi kufanya kazi na mwenzake wamenuniana, itafaa tuwe tunaongea, walau jioni, walau kuhusu mwanga. Utaona mwenyewe kwamba hakuna hatua hata moja hapo inayohusu ndoa.

Wasalimie wote. Mama mkwe mwambie nimekula. Mhitimu wetu mwambie picha zake ziko tayari, aje azichukue na mtu yeyote wa kumsindikiza, hasa mtu mzima, hasa wa kike. Na huyo mpiga picha wa friji mwambie siku nyingine amsogeze dada yako dirishani, amgeuze kidogo kushoto, kisha asubiri. Akisubiri vya kutosha, atacheka mwenyewe.

Ni mimi, kwa heshima zote za kazi,
Shemeji yako, Mpiga Picha.

N.B. Kitambaa kingine nimepata. Ni cha kijani kizito, hakikunjamani, haking'ai, tena ni kizuri kuliko kile cha kwanza. Nilikuwa nacho hata kabla sijaanza kuandika barua hii. Sikukitundika, hata kwa majaribio. Nimekipeleka kwa fundi yule yule, vipimo vya dada yako anavyo, ila anataka kujua urefu. Wateja watakaa mbele ya ukuta, hawatakufa. Muulize dada yako gauni la kijani analitaka liishie wapi, na kama hataki kukujibu wewe, nitakuja kumuuliza mwenyewe. Sitakuja na kamera.