Haya, Pandeni Mizani

Benchi lilikuwa halijapata hata joto Profesa alipofungua gazeti. Profesa hajawahi kufundisha popote, ila miwani anayo.

"Sikieni makubwa! Diwani anataka wazazi wenye watoto wanene waitwe mkutanoni wajieleze."

"Safi kabisa!" akadakia Spika, fundi simu ambaye tumbo lake hufika kijiweni kabla yake. "Mtoto hajilishi! Ukiona mtoto bonge, ujue kwao kuna mama mvivu na baba bwege."

Chakavu, mwenye benchi na duka la vyuma chakavu lililo nyuma yake, aligugumia kahawa ikamuunguza koo. Binti yake wa miaka tisa alikuwa mnene, na akilala anakoroma mpaka pumzi zinakatika. Leo saa nne alitakiwa kliniki. Mama yake alikuwa amegoma katakata, maana safari iliyopita muuguzi alizitaja kilo za mtoto foleni nzima ikasikia, kisha akauliza, "Mnamlisha nini huyu?" Mama wa watu alirudi analia. Sasa ilikuwa zamu ya baba, na baba naye, tuseme ukweli, alikuwa anatafuta kisingizio.

"Usinune bwana," Spika akamwambia. "Hatujakutaja wewe."

"Mmemtaja nani?"

"Tunashauri tu," Profesa akasema. "Punguzeni mapochopocho."

"Mapochopocho yapi? Kaka yake anakula naye sahani moja, na mwembamba kama ufito. Kwa huyo mbona hamjawahi kunipa hongera?"

Profesa akageuza ukurasa ambao hata hakuwa ameusoma.

"Huyo kamfuata mama yake," Spika akajitetea.

"Ehee! Wembamba wa kurithi, unene wa uzembe! Haya." Chakavu akainuka na chaki mkononi. Dukani kwake kuna utaratibu: kila kinachopanda mizani, kilo zake hutangazwa kwa sauti na kuandikwa mlangoni, muuzaji asije akalia kapunjwa. "Panda, Spika. Tutangaze, halafu tumuulize mama yako alikulisha nini."

"Aka! Nina mteja ananisubiri!" Spika akaondoka hata kikombe hajamaliza.

Profesa alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Umemweza! Mimi mwenzio mwembamba, sina wasiwasi."

"Wewe ndio upande haraka. Mtaa mzima unataka kujua mkeo anakunyima nini."

Gazeti likabaki benchini peke yake.

Binti akatokea amevaa gauni lake la kutokea, nywele zimesukwa, anahema kidogo kwa kutembea. Alikuwa ameona yote akiwa kwenye kona ya duka.

"Baba, mbona wamekimbia?"

"Wameogopa kutangaziwa kilo zao."

Binti akaitazama ile mizani.

"Mimi siku ile sikukimbia," akasema.

Chakavu akaweka chaki chini. Akafunga duka, akamshika mkono, wakaenda kliniki.