Bendera Iliyofika Angani na Mama Aliyeishia Getini

Tarehe 9 Machi

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho,

Shikamoo. Naahidi kukueleza yote bila kuficha, kama mwalimu wetu anavyotufundisha.

Mama yangu ni fundi cherehani. Mwaka jana alishona bendera ndogo ya taifa, nchi rafiki ikaipeleka angani, kisha ikaturudishia iwe zawadi ya urafiki. Sasa iko kwako ndani ya kioo. Jumamosi mama alifunga kibanda chake akaja kuiona. Mlinzi akamwambia, "Mama, humu ni kwa wageni rasmi. Umeitwa na nani?" Mama akajibu, "Nimeishona mimi." Mlinzi akasema, "Haya, na mimi nimeshona mwezi."

Nalalamika hivi:

1. Bendera ilivuka mawingu bila kuulizwa kitambulisho. Mama hakuvuka geti.

2. Kibao kinawashukuru watu kumi na mmoja, akiwemo mheshimiwa waziri aliyeipokea uwanja wa ndege. Najua safari yake nayo ilikuwa ngumu, maana nasikia kiyoyozi cha gari kiliharibika njiani. Aliyeishona hayumo.

3. Bendera ina chumba, feni na mlinzi. Darasani kwetu tuko sabini, na madirisha hayana vioo. Nimeelewa kwamba kosa letu ni kutofika angani.

4. Kwa hiyo safari ijayo naomba apelekwe mama, akunjwe vizuri. Akirudi, mlinzi atampigia saluti. Kama haiwezekani, wapelekwe wale kumi na mmoja, kisha wakae ndani ya kioo. Bendera haijawahi kuhutubia mtu, na ndiyo maana inapendwa.

Nitashukuru mama akiruhusiwa japo dakika tano. Wasalimie wote hapo kazini, hata mlinzi.

Wako mtiifu,
Binti wa fundi, darasa la saba

Nyongeza: Shangazi, aliyeshika kibanda mwezi jana mama aliposafiri, ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema karani wako alimjia mbio: "Dada, nishonee nyingine kama ile, kesho balozi anakuja! Ile ya angani tumeifua kutoa vumbi, imechuja." Shangazi akanipa mimi kazi hiyo, nami nikadhani ni ya kupamba meza ya mtu. Basi iliyo ndani ya kioo nimeishona mimi, na imesafiri kwa baiskeli tu. Mama hajui bado. Yuko chumbani anapiga pasi gauni la kuja tena huko Jumamosi. Tafadhali nijibu upesi: mlinzi amfungulie nani, mama au mimi?