Ombi la Kurudishiwa Mita Mbili, Nyumba Moja Tu

Siraji Khemis,
Fundi Cherehani,
Arua.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupambana na Korona
(kama kamati bado ipo, kama imevunjwa, basi kwa yeyote aliyebaki na muhuri wake).

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na bila kikohozi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nacho ni lugha rasmi ya nchi, ingawa najua ofisi italazimika kutafuta askari mstaafu wa kuisoma, maana huku kwetu Kiswahili kimebaki kambini. Mpeni kiti, maana barua yenyewe ni ndefu kidogo.

Nalalamika kuhusu kuondolewa kwa masharti ya korona. Mliyaondoa nchi nzima kwa siku moja bila kupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mtu bado anayatumia. Sisi tulikuwa tunayatumia.

Mimi ni Mnubi wa Koboko, na mke wangu Betty ni Mkakwa wa Ludara. Nchi ilipofungwa, mama yake alikuwa amekuja kwetu Arua kwa siku mbili tu, kumwona mjukuu mchanga. Magari yakasimama, boda zikakatazwa kubeba watu, na goti lake halikuwa la kumfikisha Ludara kwa miguu. Akabaki. Jina lake ni Margarita. Nimelitaja kwa sababu ofisi hupenda majina, lakini mkwe halitamki, kwa hiyo naomba sana asiambiwe.

Kwa dini yangu ya Kiislamu mama mkwe ni mama, ningeweza hata kukaa naye mkeka mmoja. Kwa mila ya kwao, hiyo ni aibu kubwa. Mkwe hamtazami usoni, hampi mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Siku ya kwanza kufika kwao mimi nilimpa mkono kwa furaha zote. Wazee walikaa kikao na nikatozwa mbuzi. Tangu hapo nafuata mila yao kuliko wao wenyewe. Sasa, Mheshimiwa, tufikirie mimi na mama huyo katika nyumba ya vyumba viwili, ukumbi mwembamba, na hakuna majani ya kuingia. Siku za kwanza nilikuwa natokea dirishani.

Hapo ndipo serikali ilipotuokoa, na faida zake nazipanga hapa chini.

1. Mita mbili. Redio iliposema kila mtu akae mita mbili kutoka kwa mwenzake, Mama alimwuliza Betty kama mtangazaji ni Mkakwa. Utepe wangu wa kupimia haufiki mita mbili, nikaunga vipimo na kuchora mistari sakafuni kwa chaki ya fundi. Kila mtu akajua mpaka wake. Jambo ambalo wazee wa Ludara walitaka mbuzi kulilinda, ninyi mlililinda bure.

2. Barakoa. Nilimshonea tatu, moja ya kitenge cha maua kwa ajili ya misa ya Jumapili. Yeye akijifunika mpaka chini ya macho, na mimi hivyo hivyo, tulipishana bila mtu kuona uso wa mtu. Niliacha kutumia dirisha.

3. Dumu la kunawia mlangoni. Liligonga ukuta kila mtu aliponawa. Nikilisikia, nameza haraka. Akilisikia yeye, anarekebisha leso. Watoto wangu wamekua wakidhani kila nyumba ina dumu la adabu.

4. Marufuku ya mikusanyiko. Shemeji zangu walikuwa wakija kutusalimia Jumamosi na kuondoka Jumatano. Zaidi ya hapo sisemi, kwa kuwa nao ni ndugu wa mke wangu.

Mheshimiwa, tulizoeana. Jioni tulisikiliza taarifa ya habari, yeye kwenye mstari wake, mimi kwenye wangu, wote tumeelekea ukutani. Akitaka kuniuliza kitu aliuuliza ukuta, nami nikaujibu ukuta. Aliuliza kama nimekula. Aliuliza kwa nini kikohozi cha Siraji hakiishi. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijaota meno, na sikuwahi kuwa na mtu wa kuniuliza mambo hayo. Nilimpata kwa amri ya serikali, nasema bila kuona haya.

Kwa hiyo mlipoyaondoa masharti, sisi hatukuyaondoa. Na Ludara hatukuwaambia. Kila walipouliza inakuwaje mama anaishi chini ya paa la mkwe wake, Mama alijibu kwamba serikali bado imeifunga Arua. Kila Krismasi Betty alikwenda kwao, eti kwa kibali maalumu, na habari kwamba masharti sasa yanakaribia kwisha. Waliojua ukweli walinyamaza, na wote wana suruali nzuri nilizowashonea mimi. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka.

Juzi Mzee Taban, mdogo wa marehemu baba mkwe, akaja sokoni Arua kuuza maharagwe. Aliona watu wamebanana. Hakuona barakoa hata moja. Muuza nyama asiyemjua akamkumbatia. Akaja moja kwa moja nyumbani kwetu, akatukuta tumevaa barakoa, tumesimama kwenye mistari yetu. Alitutazama, akaomba maji, akarudi zake. Kesho yake ujumbe ukafika kwamba Mama arudi Ludara, Ijumaa Mzee mwenyewe anakuja kumchukua, na aibu yetu itajadiliwa.

Mama hakubisha. Amefunga mzigo wake. Amezifua barakoa zote, amezikunja na kuziweka juu ya cherehani yangu. Sijaweza kushona tangu jana kwa sababu sitaki kuziondoa pale.

Sasa yafuatayo ndiyo maombi. Naendelea na namba zile zile ili zisipotee.

5. Tuandikieni barua yenye muhuri kwamba nchi imefunguliwa isipokuwa nyumba yangu.

6. Wekeni kizuizi kwenye barabara ya kutoka Koboko, ndiyo ya Ludara, kwa ajili ya Mzee Taban peke yake. Ana koti la kijivu na baiskeli isiyo na breki. Apimwe joto mpaka achoke mwenyewe.

7. Leteni askari mmoja asimame ukumbini kati yangu na Mama. Chakula tutampa. Nimeshapima, na askari wa kawaida akisimama katikati anakula nafasi nyingi, kwa hiyo mita zitabidi ziwe tatu na mwenye nyumba abomoe ukuta. Mwandikieni na yeye.

8. Kama sheria inadai uwepo ugonjwa kwanza, basi utafutwe ugonjwa mpole. Sisemi kwa mzaha. Korona ilimchukua jirani na fundi mwenzangu Kabiru, na cherehani yake bado imefunikwa shuka. Siombi kifo cha mtu. Naomba ugonjwa usioua, usioumiza, usiovuka ua wangu, na ambao dawa yake ni mama mkwe kukaa mahali alipo. Madaktari wetu wamesoma, hawashindwi.

Naomba nijibiwe kabla ya Ijumaa. Nawasalimu wajumbe wote, wapishi wa chai wa ofisi, walinzi wa lango, na yule binti aliyekuwa akitupima joto kwenye paji la uso na kusema sote ni wazima.

Ni mimi, ninayekaa pale mliponiambia nikae,

Siraji Khemis

Nyongeza: Barua hii haikuondoka. Nilipokuwa natafuta bahasha, malaria ilinikamata nikaanguka ukumbini, kwenye mstari usio wangu. Betty alikuwa amekwenda Ludara kumbembeleza Mzee Taban, na watoto walikuwa shuleni. Nilipopata fahamu kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Mama. Hakuwa na barakoa. Nilimwona uso wote kwa karibu kwa mara ya kwanza, ana mwanya ule ule wa mbele alio nao Betty, wala sikujua. Nilijaribu kugeuka ukutani, akanishika shavu akanirudisha. Mzee Taban alipofika Ijumaa alimkuta ananilisha uji kwa kijiko. Alisimama mlangoni, akasema basi ngoja apone, akaenda bila mzigo wowote. Kwa hiyo maombi yangu yote, pamoja na askari na ugonjwa mpole, nayafuta. Mita mbili zenu zilikuwa nzuri, lakini zingeniua pale chini. Siku ile nilimwambia Mama kwamba hii ni aibu, tutawaambia nini watu. Akanijibu, "Nyamaza. Leo mimi iko mama yako. Maneno ya aibu tutaongea kesho." Kesho nyingi zimeshapita, na bado hatujayaongea.